Kijani Ndani ya Kola

Katika mkahawa wa Hajji Zaghlul, hapa kwetu Dumyat, pwani ya Misri, kulikuwa na meza moja karibu na dirisha ambayo ukiweka glasi yako ya chai hukuwa na uhakika wa kuinywa ikiwa moto. Usta Abulmaati akianza kusimulia fainali, glasi mbili za kwanza alizoziona zilikuwa milingoti ya goli. Hukuruhusiwa kuzigusa mpaka mpira utoke nje. Na mpira wenyewe, ambao ulikuwa kipande cha sukari, haukutoka upesi.

Usta Abulmaati ni fundi wa kupaka vanishi. Karakana yake inatazamana na yangu. Viti anavyovipaka yeye ndivyo ninavyovitandika mimi sponji na kitambaa, na kwa sababu hiyo tumekaa pamoja miaka mingi bila kulazimika kuzungumza sana, jambo ambalo mimi linanifaa. Amepita sabini. Kucha zake zina rangi ya kahawia isiyotoka hata siku ya Idi. Macho yake yameliwa na mvuke wa spiriti, hivyo mtu akija kutoka mbali yeye huona kwanza rangi ya shati, sura baadaye sana. Mkewe alifariki zamani, binti zake wameolewa Bur Said. Kilichobaki ni vanishi na mpira.

Timu yetu tuliiita Maseremala. Kwenye mihuri ilikuwa na jina jingine refu, lakini hilo hata refa hakulitumia. Walioianzisha walikuwa mafundi wa mtaa wetu, na kwa kuwa hawakuwa na jezi walizipaka fulana zao rangi ya madirisha iliyobaki kwenye kopo. Rangi hiyo ilikuwa kijani. Babu zetu walisimulia kwamba mchezaji akianguka na fulana ile, unasikia inavunjika kama ubao. Tangu hapo tukawa kijani.

Jukwaani hatukuwa na viti vya kununua. Kila karakana ilitengeneza benchi lake na kulileta uwanjani, na kila mwaka kabla ya ligi kuanza tulikuwa na siku ya vanishi, kila mtu na kopo lake, kila mtu na benchi lake. Benchi la akina Abulmaati lilikuwa na miguu ya simba, kazi ya marehemu baba yake. Hakukosekana mvivu aliyechelewa kupaka, na katika mechi ya kwanza wageni waliokaa kwenye benchi lake waliondoka na suruali zimeganda matakoni. Hatukuwaomba radhi.

Fainali ya Kombe tuliifikia mara moja tu, Abulmaati akiwa kijana, na tulifungwa moja bila. Lakini bao hilo yeye hakulisimulia. Alichosimulia ni shuti la Hamama, winga wetu wa kushoto.

"Hamama anaupokea hapa," husema, akisimamisha kete ya dhumna kwenye pembe ya meza. "Winga ya kushoto. Beki wa kwanza anakuja, kapigwa chenga, kaenda kununua vitunguu. Wa pili anakuja, huyo naye kamfuata mwenzake sokoni. Wa tatu anakuja..."

"Wa tatu mwaka jana hakuwepo," Sirgani humkatiza. Sirgani anauza mishabak, zile peremende za kukaanga zinazochuruzika shira, ila ulimi wake mwenyewe hauna sukari hata punje. "Mwaka jana walikuwa wawili, Ami. Mashahidi wapo hapa."

"Alikuwepo. Wewe ndiye hukuwepo. Ulikuwa unanyonya."

"Nikifika umri wako, Hamama atakuwa amewapiga chenga mabeki kumi na moja na mama zao."

"Wa tatu," Abulmaati huendelea kama vile nzi ndiye aliyesema, "kampiga tobo. Katikati ya miguu, huyo. Kipa ametoka. Hamama anaupiga kwa nje ya mguu." Kipande cha sukari kinagonga glasi ya kwanza. "Mlingoti wa kulia. Unatembea juu ya mstari. Juu ya mstari, jamani, si ndani wala si nje. Uwanja mzima hakuna anayemeza mate." Kinagonga glasi ya pili. "Mlingoti wa kushoto. Umetoka."

Hapo ndipo uliporudishiwa chai yako, ikiwa baridi.

Kisha akaja Hatem Sharabasi, mwenye kiwanda cha vigae vya Yakuti, ambaye watu wake humwita Basha. Kamati ya klabu, watu wa tai ambao hawakuwahi kukalia hata benchi letu moja, walimwuzia timu asubuhi, na mchana wakala naye samaki. Alianza na jina. Maseremala wakawa Yakuti. Jezi ikawa zambarau, rangi ya maboksi ya vigae vyake. Halafu ikaja zamu ya mabenchi. Tulisimama nje ya ukuta wa uwanja tukisikiliza misumari ikilia inavyong'olewa, na ndani wakafunga viti vya plastiki vya zambarau vilivyoandikwa jina la kiwanda mahali pa kuketi. Ukikaa, unakalia tangazo.

Wiki kadhaa baadaye Sirgani alirudi kutoka Ras el-Bar, alikokwenda kuuza peremende ufukweni.

"Ami Abulmaati," akasema, na safari hii hakuwa na utani. "Benchi lenu nimeliona. Liko mlangoni kwenye hoteli ya Basha. Wameweka juu yake vyungu vya maua."

"Maua gani?"

"Ya plastiki."

Abulmaati akageuka akatema mate sakafuni, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya ndani ya mkahawa. Hajji Zaghlul akaja na kitambaa, akapangusa, akarudi kwenye birika lake.

Tukaacha kwenda uwanjani. Basha alinunua wachezaji, akawapanga kama vigae, timu ikaanza kushinda, na mwaka jana Yakuti ikafika fainali ya Kombe. Mkahawa ukagawanyika.

"Kombe ni kombe," alisema Sirgani. "Likija Dumyat limekuja Dumyat."

"Haliji Dumyat hilo," alijibu Hajji Zaghlul kutoka jikoni. "Linakwenda ofisini kwake Kairo akalitilie kalamu."

"Si wachezaji wanafanya mazoezi hapa?"

"Wale? Waulize Dumyat iko wapi, watakuonyesha kwenye simu."

"Na wewe Ami, unasemaje? Au utasubiri Hamama afufuke?"

Abulmaati alikuwa akikwangua ukucha kwa kijiti cha kiberiti. "Nasema wananitia kinyaa," akasema. "Mmiliki ananitia kinyaa, kamati inanitia kinyaa, hata wewe unayetaka kombe la vigae unanitia kinyaa kidogo. Lete kete."

Lakini hakucheza vizuri siku ile. Mimi nilimwona. Mtu aliyelisubiri Kombe maisha yake yote hawezi kulisikia linatajwa akaendelea kuhesabu kete.

Siku chache kabla ya fainali, Basha alikuja mkahawani mwenyewe. Alikuja na mpiga picha na mwanamke wa ofisini kwake, Madam Inji, ambaye alipanguza kiti kwa karatasi kabla ya kukaa na kisha akaipanguza na meza, meza ile ya dirishani. Walikuwa wanamtafuta shabiki mkongwe kuliko wote. Walitaka akae jukwaa kuu siku ya fainali, karibu na Basha, akiwa amevaa jezi ya zambarau.

"Ami," alisema Basha, akimshika Abulmaati bega kama wanavyoshikwa kondoo sokoni, "wewe ndiye roho ya timu hii. Niombe chochote."

Abulmaati akatazama jezi iliyowekwa mapajani pake. "Kijani," akasema.

"Kijani gani?"

"Rangi yetu. Irudishe. Jina chukua, viti chukua. Rangi irudishe."

Basha akamtazama Madam Inji. Madam Inji akainua kidole, mpiga picha akashusha kamera. Hilo nililiona kwa sababu nilikuwa nimekaa nyuma yake na kamera ilikuwa imenizibia njia.

"Tukishinda," alisema Basha, "msimu ujao mtakuwa na kijani chenu. Hiyo ni ahadi ya mwanamume." Kisha kamera ikainuliwa, wakakumbatiana.

Walipoondoka, Sirgani akasogeza kiti karibu. "Ami, unajua tunacheza na nani?"

"Na Minya."

"Minya wanavaa nini?"

"Najua wanavaa nini."

"Wanavaa kijani. Chunga usije ukashangilia Wasaidi wa kusini mbele ya taifa zima."

"Macho yamechoka, akili haijachoka," alisema Abulmaati. "Timu yangu naijua." Akaikunja ile jezi ya zambarau, akaitia kwapani, akaenda nayo nyumbani. Nadhani ilimchoma njia nzima. Lakini aliondoka nayo, kwa sababu alikuwa amepewa neno, na alitaka Yakuti ishinde kuliko alivyowahi kutaka kitu. Akivumilia fulana ile kwa saa mbili, kijani kitarudi. Ndivyo alivyohesabu, na hakuna kati yetu aliyekuwa na hesabu bora.

Siku ya fainali mkahawa ulijaa hadi barabarani. Tulipomwona Abulmaati kwenye televisheni, watu walicheka, kisha wakasogeza viti karibu. Ile fulana ilimbana tumboni. Walikuwa wamemchora mstari wa zambarau kila shavu. Alikaa safu moja nyuma ya Basha, mikono juu ya magoti, amenyooka kama mtu aliye kwenye chumba cha daktari.

"Wamempaka mashavu," alisema Hajji Zaghlul. "Mzee wa watu wamempaka mashavu."

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha hovyo. Wachezaji wa Yakuti walijiangusha kila walipoguswa, wakilala na kushika vifundo vya miguu huku jicho moja likimtazama refa. Sirgani, aliyekuwa upande wao, alianza kuona haya. "Yule namba sita," akasema, "nikimpa sinia moja la mishabak abebe, atalazwa hospitali."

Kipindi cha pili, winga mmoja wa Minya, kijana mwembamba mwenye soksi zilizoshuka, aliupokea mpira upande wa kushoto. Beki wa kwanza alikuja akapigwa chenga. Mkahawani mtu aliyekuwa akikoroga chai aliacha. Beki wa pili akapitwa hivyo hivyo. Wa tatu alikuja kwa kuteleza, mpira ukapita katikati ya miguu yake. Kipa akatoka. Yule kijana akaupiga kwa nje ya mguu, ukagonga mlingoti wa kulia, ukaingia ndani.

Kila mtu alikuwa ametazama ile meza ya dirishani, kana kwamba Abulmaati yupo pale.

Kamera ya televisheni ikaenda kumtafuta Basha ili tumwone ameshika kichwa. Alikuwa ameshika kichwa kweli. Lakini nyuma yake, katika jukwaa lile zima lililokaa kimya, mtu mmoja tu alikuwa amesimama, fulana ya zambarau imempanda juu ya tumbo, mikono yote miwili hewani, mdomo wazi, machozi yamechuruzika juu ya ile rangi ya mashavu. Alikuwa anaruka. Miaka sabini na ushee, anaruka. Mwanamume wa pembeni yake alimvuta fulana akaketi, na ukaona uso wake unavyobadilika anapomtambua Basha mbele yake, na fulana iliyo juu ya mwili wake mwenyewe.

Kisha picha ikahamishwa.

Sirgani alicheka mpaka akashika ukuta. Watu waligonga meza. "Amewaweza! Amekula chakula chao akawanyea mezani!" Nje, mtu alianza wimbo wetu wa zamani, na kwa mara ya kwanza tangu mabenchi yang'olewe nikausikia ukiimbwa hadi mwisho.

Yakuti ilishinda mbili kwa moja. Bao la kwanza penalti, namba sita akiwa amejiangusha. La pili lilimgonga beki wa Minya mgongoni. Basha aliteremka uwanjani akamkumbatia mchezaji ambaye, nina hakika, hakumjua jina. Abulmaati hawakumwonyesha tena. Mkahawani hakuna aliyeshangilia. Hajji Zaghlul alizima televisheni kabla Kombe halijainuliwa.

Kesho yake alasiri Abulmaati alikuja mkahawani kama kawaida. Mashavu yalikuwa mekundu kwa kusuguliwa. Watu walisimama. Sirgani alimletea sahani nzima ya mishabak, na Sirgani hatoi.

"Kula, shujaa," akasema. "Leo natubu kwako. Hao mabeki wawe wangapi unavyotaka."

"Shujaa wa nini?"

"Umemwaibisha mbele ya nchi nzima. Ndani ya fulana yake."

Abulmaati aliisukuma sahani taratibu. Angeweza kunyamaza. Angenyamaza tu, angekuwa shujaa wa mtaa mpaka anakufa, na sisi tulikuwa tunamwomba kwa macho anyamaze.

"Sikumwaibisha mtu," alisema. "Nilikuwa nataka washinde. Nilikaa pale nikasoma Fatiha washinde. Kisha nikaona kijani kinakimbia winga ya kushoto. Uwanja ule mkubwa, sura sizioni. Kikampita wa kwanza, kikampita wa pili. Nikajua ni Hamama. Mkinichinja, nilijua ni Hamama. Ukagonga mlingoti ukaingia." Akagonga meza kwa kidole. "Umeingia, jamani. Nitafanyaje?"

Akaitazama ile sahani ya mishabak.

"Halafu yule bwana akanivuta nikakaa. Nikaendelea kuomba washinde. Wakashinda. Kombe limepita mbele yangu karibu hivi. Sikusikia kitu. Nilikuwa kama kiti ambacho hakijatandikwa."

Sirgani akatazama sakafu. "Na kijani chetu?"

"Ameahidi," alisema Abulmaati. "Wameshinda. Tungoje."

Tukangoja. Aliungoja msimu mpya kama mtoto anavyoingoja nguo ya Idi, ingawa hakusema. Ligi ilipokaribia, mtu wa pikipiki alileta kifurushi karakanani kwake kutoka ofisi ya Basha, na Abulmaati akaniita ng'ambo ya barabara nije nimwonee vizuri.

Ilikuwa jezi mpya. Zambarau. Tuliigeuza mbele na nyuma. Zambarau tupu. Kulikuwa na kadi, nikaisoma polepole kwa sauti: "Ahadi ni deni. Kijani chenu kiko karibu na moyo. Inji." Tukaitafuta tena. Hatimaye nilipitisha kidole ndani ya kola, kwa mazoea ya kazi, nikakuta utepe mwembamba wa kijani umeshonwa kwa ndani, mahali panapogusa shingo, ambapo mtu akivaa hakuna atakayeuona isipokuwa mkewe wakati wa kufua. Ulikuwa umeshonwa vibaya, uzi umeruka.

Abulmaati aliusogeza karibu kabisa na jicho. "Ni kijani?" akaniuliza.

"Ni kijani."

"Kijani chetu?"

Nikaugeuza kwenye mwanga. Nikasema, "Kimefifia."

Alichukua mkasi. Nilidhani atautoa ule utepe. Alikata jezi nzima vipande vipande vya kupakia vanishi, akachovya kimoja, akaanza nacho mgongo wa kiti. Kitambaa kile cha plastiki hakikunywa vanishi. Vanishi iliteleza juu yake tu, ikachuruzika mpaka sakafuni. Akakitupa kwenye pipa, na vingine vyote akavitupa. "Hata kwa tambara hakifai," akasema, akarudi kwenye pamba yake ya kupakia.

Ungefikiri wameishia hapo. Ramadhani ilipofika, mwezi ambao televisheni kwetu ni matangazo toka futari mpaka daku, tulikuwa tumekaa mkahawani baada ya tarawehe. Likaja tangazo la vigae vya Yakuti. Muziki wa nguvu, Kombe linang'aa, kisha Abulmaati. Fulana ya zambarau, mikono hewani, anaruka, machozi kwenye mashavu yaliyopakwa. Walikuwa wamechukua bao la Minya wakalitoa, wakaweka penalti yao kabla yake. Sauti nzito ikasema: "Yakuti. Furaha ya wananchi." Halafu bafu, na vigae.

Niliwahi kusikia harufu ya gundi ya mifupa iliyoungua karakanani. Ile ndiyo iliyonijia puani.

Hajji Zaghlul alikimbilia kidhibiti akabadilisha. Kwenye stesheni nyingine lilikuwepo vilevile.

"Acha," alisema Abulmaati. "Umechoka bure."

Alisimama, akakishika kiti chake, akakigeuza kuelekea barabarani, mgongo kwa televisheni. Amekaa hivyo mpaka leo. Mechi huja na kupita, yeye anatazama watu wanaopita na mikokoteni ya viti visivyopakwa. Hasimulii tena fainali. Glasi zetu tunazinywa zikiwa moto.

Siku moja Sirgani hakuwepo, na televisheni ilikuwa inaonyesha mechi ya ligi. Watu walipiga kelele ghafla. Abulmaati hakugeuka. Akaniuliza mimi, niliyekuwa karibu, "Kumetokea nini?"

Mimi si msemaji. Nilichukua glasi yangu na yake, nikaziweka mezani mbele yake zikitengana, nikasimamisha kete kwenye pembe.

"Upande wa kushoto," nikasema. "Mmoja kaupokea."

"Kavaa nini?"

"Nyeupe."

"Sawa," akasema, akainama karibu na meza. "Endelea."